Kusafiri Ulaya Majira ya Baridi Ukiwa Mwanafunzi: Mwongozo Kamili

Kuanzia tarehe 20 Desemba mabweni ya wanafunzi Ujerumani huanza kupwaya. Wenyeji hurudi kwa wazazi, Waitaliano na Wahispania hupanda ndege, na jiko la pamoja hubaki na watu wawili watatu. Mara nyingi hao ni wetu: Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongo, ambaye nauli ya kwenda nyumbani kwa wiki mbili hawezi kuimudu. Mwongozo huu ni wake. Baridi isikufungie chumbani. Huu ni msimu mzuri wa kuiona Ulaya kwa pesa ya mwanafunzi, mradi uanze na karatasi, ufuatie nguo, ndipo ufungue ramani. Wengi huanza na ramani, na ndiyo maana safari zao hukwama mpakani au kuishia kitandani kwa mafua.

Nitatumia mfano wa mwanafunzi aliyeko Ujerumani. Ukiwa Uholanzi, Poland au Ufaransa, badilisha majina ya ofisi na tiketi. Kanuni za Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa kawaida mipakani, ni zilezile.

Hatua ya kwanza: soma karatasi zako

Fungua pasipoti leo, usingoje wiki ya safari. Kama uliingia Ujerumani Septemba au Oktoba, huenda bado unatumia viza ya kitaifa, ile yenye herufi D. Viza hiyo, sawa na kadi ya ukaazi, inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Tazama mambo mawili: tarehe ya mwisho na idadi ya kuingia. Palipoandikwa MULT, unaweza kutoka Schengen na kurudi. Palipoandikwa 01, ukitoka tu viza imemaliza kazi yake, hata kama tarehe bado ipo.

Shida kubwa ya Desemba ni hii: viza imeisha, kadi haijatoka, na ofisi ya wageni imekupa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Karatasi hiyo ina aina zaidi ya moja, na haki ya kusafiri inategemea kifungu kilichotiwa alama ndani yake. Ushauri wangu hapa hauna nafasi ya kubembelezana: ukiwa na karatasi hiyo, tembea ndani ya Ujerumani tu mpaka kadi ifike. Ukilazimika kuvuka mpaka, iandikie ofisi barua pepe uulize, upate jibu la maandishi, na ulichapishe.

Kisha jua nchi zipi zimo. Schengen ina nchi 29. Uswisi, Norwei na Aislandi zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Saiprasi ni wanachama wa Umoja lakini hazimo. Kroatia iliingia 1 Januari 2023. Romania na Bulgaria ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu 1 Januari 2025, kwa hiyo treni ya kutoka Budapest kwenda Bucharest sasa inakufaa. Uingereza ina viza yake yenyewe. Tangazo la basi la bei nafuu kutoka Paris kwenda London lisikuteke: kadi ya Ujerumani haikufikishi huko.

Usiamini kwamba ndani ya Schengen hakuna anayeuliza. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na mabasi ya usiku husimamishwa abiria wakiwa usingizini. Wengi wetu tumeona kwamba mtu mweusi huulizwa mara nyingi kuliko jirani yake wa kiti cha pili, na hilo linaumiza. Linda safari yako kwa kubeba pasipoti yenyewe na kadi yenyewe, kwa kuwa picha kwenye simu haitoshi. Ongeza cheti cha kuandikishwa chuoni na tiketi ya kurudia. Maswali huwa matatu tu: unatoka wapi, unakwenda wapi, unarudi lini.

Ukiruka kwa shirika la ndege la bei nafuu, soma kanuni zake kuhusu abiria wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Baadhi hutaka nyaraka zako zihakikiwe mezani kabla hujaingia kwenye ukaguzi wa usalama, na foleni ya meza hiyo wakati wa Krismasi ni ndefu. Fika mapema.

Hatua ya pili: bima, na pengo ambalo wengi hawalijui

Nyuma ya kadi yako ya bima ya umma ya Ujerumani kuna kadi ya afya ya Ulaya. Inakutibu katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa matibabu yasiyoweza kungoja. Lakini kwa raia wa nchi za nje ya Umoja, kadi hiyo haifanyi kazi Denmark, Norwei, Aislandi, Liechtenstein wala Uswisi. Ndizo hasa nchi ambazo watu huziendea kwa ajili ya theluji, na ndiko hospitali ni ghali. Nunua bima ya safari za nje ya mwaka mzima kabla ya kwenda. Gharama yake ni ndogo kuliko mlo wa jioni Zurich. Namba ya dharura ni 112 kote katika Umoja wa Ulaya, na kupiga ni bure.

Hatua ya tatu: nguo, kuanzia miguuni kwenda juu

Kama una pesa ya kitu kimoja tu kizuri, nunua viatu. Jaketi lililochoka utalisaidia kwa sweta la pili, lakini kiatu kinachoingiza maji hakina dawa. Theluji ya mjini huyeyuka ikawa tope baridi lenye chumvi, na soksi ikishalowa saa tatu asubuhi, siku nzima imeharibika. Tafuta buti lisilopitisha maji, lenye soli ya mpira yenye meno marefu, kubwa kidogo kuliko kipimo chako ili soksi nene iingie bila kubana. Kidole kilichobanwa hakipati damu, na kisichopata damu hakipati joto.

Jaketi unaweza kulitoa nyumbani. Karume pale Dar es Salaam, Memorial ya Moshi na Gikomba ya Nairobi zimejaa majaketi ya baridi yaliyotoka hukuhuku Ulaya, kwa bei ambayo Berlin hutaipata. Viatu vya mtumba ndivyo nisivyovipendekeza, kwa sababu soli yake mara nyingi imeshalainika, nayo soli laini kwenye barafu ni kuvunjika mkono. Viatu nunua huku, na ukiweza kungoja, mwishoni mwa Januari maduka hupunguza sana bei za vitu vya baridi.

Mwilini vaa tabaka tatu. Ya ndani iwe fulana na suruali ya kubana ya sufu au kitambaa cha michezo. Usivae pamba hapo, kwa kuwa hunywa jasho na kukaa nalo, na ukisimama kungoja basi jasho hilo linageuka baridi. Ya kati ni sweta la sufu. Ya nje ni jaketi la kuzuia upepo na maji. Faida ya tabaka utaiona ukiingia ndani: treni na makumbusho hupashwa joto mpaka nyuzi 20 na zaidi, na aliyevaa koti moja zito juu ya fulana hana njia ya katikati. Kichwa na masikio vifunike daima. Kwa wanaovaa hijabu, mtandio wa sufu juu ya ule wa kawaida unatosha kabisa.

Glovu chukua jozi mbili, maana moja itapotea. Mafuta mazito ya mgando pakaa usoni na mikononi kabla ya kutoka, na midomo usiisahau. Hewa ya baridi ni kavu, inapasua ngozi yetu vibaya. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri huishiwa haraka kwenye baridi, na tiketi yako imo humo.

Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, Wajerumani huiita Glatteis, ambayo hutanda barabarani mvua inapoganda ikigusa ardhi. Siku hiyo tembea kama pengwini: hatua fupi, mguu wote chini, mwili umeinama mbele kidogo, mikono nje ya mifuko. Ukiona wenyeji wanatembea hivyo, waige.

Hatua ya nne: wakati gani uende wapi

Kanuni yangu ni kwamba Krismasi uende kwa watu, miji uiachie Januari na Februari.

Sababu ni hii. Ujerumani tarehe 24 Desemba maduka hufungwa yapata saa nane mchana, na tarehe 25 na 26 hayafunguliwi kabisa. Jumapili pia hufungwa. Mwaka 2026 tarehe 25 ni Ijumaa, kwa hiyo siku tatu mfululizo hutapata hata mkate, isipokuwa kwenye maduka ya vituo vikuu vya treni. Masoko mengi ya Krismasi nayo huvunjwa tarehe 23 au 24. Mgeni anayefika mji asioujua jioni ya tarehe 24 hukuta mitaa mitupu, kila dirisha lina taa, na yeye yuko nje. Upweke wa namna hiyo ni mzito kuliko wa bwenini.

Kwa hiyo Novemba anza kuulizia ndugu na marafiki. Kila mji mkubwa una kundi la Watanzania au Wakenya, na Krismasi hukutana kupika. Mtu atakupa godoro sebuleni. Usiende mikono mitupu: beba mchele mzuri, unga wa sembe kutoka duka la Kiafrika, au viungo vya pilau, na ukifika ingia jikoni, menya vitunguu. Msalimie mkubwa wa nyumba kama ungemsalimia kwao. Siku mbili tatu zinatosha, kisha muage kabla hajakuchoka.

Masoko ya Krismasi yaone mapema Desemba, wikendi, kwa tiketi ya treni za mkoa. Striezelmarkt ya Dresden imekuwepo tangu 1434. Nürnberg huanza Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kinywaji moto kinachouzwa kila kibanda, Glühwein, ni divai. Asiyekunywa pombe aombe Kinderpunsch. Bei utakayotajiwa inajumuisha amana ya kikombe, kirudishe urudishiwe pesa yako. Na wanaokunywa wajue kwamba pombe hukufanya uhisi joto huku mwili ukilipoteza.

Baada ya 6 Januari bei za hosteli na mabasi hushuka. Masomo ya muhula huendelea hadi Februari, kisha likizo ndefu mpaka Aprili. Hapo ndipo safari kubwa, mitihani ikiisha. Siku zimeshaanza kurefuka, miji haina msongamano, na kama ulifanya kazi dukani au bohari mwezi wa Desemba, ambapo vibarua huhitajika sana, utakuwa na akiba. Kumbuka tu kikomo cha kazi kwa mwanafunzi wa kigeni, siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka.

Hatua ya tano: panga kwa kufuata mwanga

Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ratiba tunazopanga hudhani hivyo. Berlin, siku fupi kuliko zote, jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Paris huzama karibu saa kumi na moja, Madrid karibu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Tofauti ya Berlin na Madrid ni karibu saa mbili, na kwa roho ya mtu aliyekaa gizani tangu Novemba saa hizo mbili ni tiba.

Mambo ya nje yafanye kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Giza likianza, ingia makumbusho. Usiku ni wa kupika, kupiga simu nyumbani na kulala.

Kaskazini ya mbali ifikirie mara mbili. Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na maisha huko ni ghali mno. Ukitaka kuona mianga ya kaskazini, nenda Februari au Machi: usiku bado ni mrefu na mchana umerudi. Kusini, Málaga mchana hufika nyuzi 16 au 17, na Lisbon inaikaribia. Hata hivyo nyumba nyingi za huko hazina mfumo mzuri wa kupasha joto, kwa hiyo nguo za kulalia ziwe nzito.

Kwa Mswahili, njia ambayo ningemshauri aianze ni Berlin. Katika Museum für Naturkunde imesimama mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Watu wa Lindi ndio walioichimba na kuibeba vichwani hadi bandarini. Simama chini yake, uisome vizuri. Kisha nenda Neukölln kwenye Lucy-Lameck-Straße, mtaa uliopewa mwaka 2021 jina la mwanasiasa wetu kutoka Moshi. Kabla ya hapo uliitwa kwa jina la Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri bin Salim pwani. Katika kitongoji cha Wedding, humohumo Berlin, kuna mtaa wa Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024. Kutoka Berlin, treni ya Prague ni safari ya nusu siku, na Budapest iko mbele yake, ambako bwawa la maji moto la Széchenyi, lililofunguliwa 1913, linakuwezesha kuogelea nje huku theluji ikianguka. Ukielekea magharibi, Brussels ina mtaa wa Matonge ambako utakula pondu (kisamvu), na Tervuren iko jirani na jumba lake la makumbusho la Kongo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu asikose kulitembelea, akiwa amejiandaa moyoni.

Hatua ya sita: tiketi na pesa

Ujerumani inamtaka mwanafunzi wa kigeni awe na euro 992 kwa mwezi kwenye akaunti yake ya zuio, ile inayotoa pesa kwa kiasi cha kila mwezi, na bweni hula sehemu kubwa ya hizo. Kwa hiyo usafiri uwe wa mipango. Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika euro 63 Januari 2026, inakupeleka nchi nzima kwa treni za mkoa na mabasi ya miji, hata Salzburg ng'ambo ya mpaka, lakini haipandi ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu. Vyuo vingi huitoa kwa bei ya chini ndani ya ada ya muhula. Angalia kadi yako kabla ya kununua nyingine. Ukiikata mwenyewe, ni mkataba wa kila mwezi: usitishe kabla ya tarehe 10 au utalipia mwezi unaofuata.

Kwa safari ndefu, tiketi ya ICE ya bei ya chini inunuliwe wiki nyingi kabla. Interrail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, inakuhusu wewe, kwa sababu kigezo ni makazi na si uraia. Vijana wa hadi miaka 27 hulipa kidogo. Treni za usiku za Nightjet zinaokoa gharama ya chumba, ila kata kitanda cha kulala na siyo kiti, kwani asubuhi yake una siku fupi usiyotaka kuipoteza kwa uchovu. Saa kwenye tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 wa Kizungu. 21:30 ni saa tatu na nusu usiku, hakiki kabla ya kulipa.

Theluji huvuruga ratiba, kwa hiyo usipange kufika mji mpya kwa treni ya mwisho. Treni ikichelewa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli. Ikichelewa dakika 120, asilimia 50. Ndege ikifutwa kwa sababu ya hali ya hewa hulipwi fidia ya fedha, lakini shirika bado linawajibika kukupa chakula na mahali pa kulala. Vidai hivyo waziwazi. Ukikwama kituoni usiku Ujerumani, tafuta Bahnhofsmission, huduma ya hisani iliyoko kwenye vituo zaidi ya 100. Watakupa chai na ushauri bila kukuuliza dini yako.

Hosteli chagua iliyo karibu na kituo na yenye jiko, hata ikizidi euro chache, maana utafika gizani na begi mgongoni. Chupa ya chai ya tangawizi, mayai ya kuchemsha na chapati za jana zitakuokoa na bei za vituoni. Ukilipa kwa kadi Prague au Kraków na mashine ikauliza euro au fedha ya nchi, chagua fedha ya nchi. Laini yako ya simu hutumika katika Umoja wa Ulaya bila nyongeza, ila Uswisi haimo. Zima intaneti kabla ya mpaka.

Makumbusho nayo yana siri zake. Louvre ni bure kwa aliye chini ya miaka 26 anayeishi katika Eneo la Uchumi la Ulaya, hivyo onyesha kadi ya ukaazi. Italia punguzo la vijana ni la raia wa Umoja pekee, lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure kwa wote. Prado ya Madrid ni bure saa mbili za mwisho kila siku.

Kabla hujafunga mlango wa bweni

Mwachie jirani ufunguo wa sanduku la barua, kwa kuwa barua ya ofisi ya wageni yenye tarehe ya miadi inaweza kufika ukiwa safarini. Punguza kipasha joto bila kukizima kabisa, ili mabomba yasigande. Tuma ratiba yako kwa mtu mmoja Ulaya na mmoja nyumbani. Na angalia tarehe ya mwisho ya kulipia muhula ujao: vyuo vingi huiweka Januari au Februari, katikati ya safari zako, kwa hiyo ilipe kwanza, hifadhi risiti, ndipo ukate tiketi.